Simulizi Kuu na Umaksi: Somo la Sudan Kusini

Simulizi kuu ni maelezo yanayodai kuijua historia nzima ya binadamu, ilikotoka na inakokwenda, na kwa madai hayo huhalalisha elimu, sheria, utawala na hata vita. Dini zina simulizi za namna hiyo. Falsafa ya Zama za Mwangaza barani Ulaya ilikuwa na yake, ya akili inayomtoa mwanadamu gizani. Umaksi nao una yake: utumwa, ukabaila, ubepari, na mwishoni jamii isiyo na matabaka. Mwaka 1979 mwanafalsafa Mfaransa Jean-François Lyotard, katika ripoti aliyoombwa na baraza la vyuo vikuu la Quebec nchini Kanada, alisema kwamba alama ya zama za baada ya usasa, yaani usasabaadaye, ni watu kutoziamini tena simulizi hizo. Tangu hapo swali la uhusiano wa usasabaadaye na Umaksi limejadiliwa sana, aghalabu kwa mifano ya Paris, Moscow na Prague.

Sudan Kusini inatoa mfano wa karibu zaidi kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Chama kinachotawala Juba kilizaliwa mwaka 1983 kikiwa na ilani iliyoandikwa kwa lugha ya Kimaksi. Katika miaka thelathini iliyofuata nchi ilipitia simulizi tatu: mapinduzi ya kijamaa, ukombozi wa taifa, na ujenzi wa dola chini ya wafadhili. Zote tatu ziliingia nyufa. Yaliyotokea baada ya nyufa hizo yanawezesha kupima hoja ya Lyotard pamoja na majibu ya Wamaksi.

Hoja ya Lyotard

Lyotard (1924–1998) aliujua Umaksi kwa ndani. Kuanzia 1950 hadi 1952 alifundisha Constantine, Algeria. Mwaka 1954 alijiunga na Socialisme ou Barbarie, kikundi cha Cornelius Castoriadis na Claude Lefort kilichouona Umoja wa Kisovyeti kuwa utawala wa tabaka jipya la warasimu. Kwa miaka kadhaa aliandika kuhusu vita vya Algeria. Aliunga mkono uhuru wa Waalgeria, lakini alionya kwamba mapambano yale yalikuwa yakilea tabaka la viongozi na maofisa ambalo lingeshika dola kwa jina la wakulima na wafanyakazi. Mwaka 1966 aliachana na siasa za vikundi vya namna hiyo. Shaka yake ya 1979 ilikuwa imeanza kumea Afrika, katika mapinduzi aliyoyapenda na kuyatilia mashaka kwa wakati mmoja.

Kwa maelezo yake, simulizi za usasa zimefuata njia mbili. Ya kwanza ni ya ukombozi: shujaa ni umma unaojipatia uhuru. Ya pili ni ya maarifa: fikra hukua hatua kwa hatua hadi kuunganisha elimu zote, kama alivyofundisha Hegel. Umaksi uliyumba baina ya njia hizo. Ulipoegemea ya pili, chama kilijifanya mwenye kuijua historia, na aliyekipinga akahesabiwa kuwa anapingana na ukweli. Hapo ndipo ulipopita utawala wa Stalin. Ulipoegemea ya kwanza, ulibaki kuwa ukosoaji wa wanaokandamizwa.

Mahali pa simulizi kuu Lyotard aliweka wingi wa michezo ya lugha, dhana aliyoichukua kwa Wittgenstein. Sayansi, sheria, sala na ngano kila moja ina kanuni zake, na hakuna iliyo na mamlaka ya kuzihukumu nyingine. Katika kitabu cha 1983, Le Différend, alikwenda mbali zaidi. Huko alichambua migogoro ambayo mdhulumiwa hushindwa kuieleza dhuluma yake kwa sababu lugha ya baraza la hukumu haina nafasi ya kuipokea.

Wengine wanaohesabiwa pamoja naye walifika kwa njia zao. Michel Foucault, aliyepita katika Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikataa kuyaona mamlaka kuwa mali ya tabaka moja. Aliyafuatilia gerezani, hospitalini na shuleni. Jacques Derrida, mzaliwa wa Algeria, alihoji matini zinazodai kuwa na maana moja. Hawakuwa kambi moja, na wengine hawakulipenda hata jina lenyewe la usasabaadaye.

Majibu ya Wamaksi

Jibu la kwanza lilitoka kwa Fredric Jameson wa Marekani. Katika makala ya 1984 alikubali kwamba utamaduni umebadilika, ila akadai kuwa mabadiliko hayo yenyewe ni zao la hatua mpya ya ubepari. Aliyeacha kuamini historia, kwa hoja hii, bado anaishi ndani yake. Alex Callinicos mwaka 1989 na Terry Eagleton mwaka 1996 walikuwa wakali zaidi. Kwao, shaka hiyo ilikuwa kilio cha kizazi cha maandamano ya 1968 kilichoshindwa mapambano kisha kikapata vyeo na starehe.

Jibu la pili ni la kimantiki: kusema kwamba zama za simulizi kuu zimekwisha ni kusimulia historia nzima kwa mkupuo, jambo lile lile linalokatazwa. La tatu, ambalo Jürgen Habermas wa Ujerumani alilisisitiza, linahusu msingi wa ukosoaji. Pasipo kipimo cha pamoja, anayelalamikia dhuluma hana pa kusimama.

Wapo pia waliotafuta njia ya kati. Ernesto Laclau na Chantal Mouffe, katika kitabu cha 1985, waliacha imani kwamba tabaka la wafanyakazi ndilo mbeba historia, lakini hawakuacha siasa za usawa. Derrida mwenyewe alimrudia Marx mwaka 1993, mwaka mmoja baada ya Francis Fukuyama kuchapisha kitabu cha kutangaza mwisho wa historia na ushindi wa demokrasia ya soko. Derrida alionyesha kwamba tangazo hilo nalo ni simulizi kuu, na kwamba dai la haki lililomo katika Umaksi halikuzikwa pamoja na Umoja wa Kisovyeti.

Njia za Umaksi kuelekea kusini

Umaksi uliwafikia wasomi wa Sudan Kusini kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ilipita Khartoum, ambako Chama cha Kikomunisti cha Sudan kiliundwa mwaka 1946. Mwanasheria Joseph Garang, mtu wa kusini na kiongozi katika chama hicho, aliingia serikali ya Jaafar Nimeiri mwaka 1969 na kusimamia masuala ya kusini. Aliamini kwamba kusini ingejikomboa pamoja na wanyonge wa kaskazini. Julai 1971, baada ya jaribio la mapinduzi kushindwa, alinyongwa, kama alivyonyongwa katibu mkuu wa chama, Abdel Khaliq Mahjub.

Njia ya pili ilipita Dar es Salaam. John Garang de Mabior, aliyehitimu shahada ya uchumi katika chuo cha Grinnell, Marekani, mwaka 1969, alikwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuwa karibu na umoja wa wanafunzi wanamapinduzi ulioongozwa na Yoweri Museveni. Walter Rodney alikuwa akifundisha hapo. Kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoididimiza Afrika kilitoka mwaka 1972. Issa Shivji aliandika mwaka 1970 kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya nchini Tanzania, na jarida la wanafunzi, Cheche, likapigwa marufuku mwaka huo huo.

Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa uwanja wa simulizi mbili. Julius Nyerere, katika andiko lake la 1962, aliujenga ujamaa juu ya mfano wa familia na kukataa kwamba vita vya matabaka ndivyo chanzo chake. Wanafunzi wa Rodney waliona hapo ndoto tu: kwao tabaka la warasimu lilikuwa limekwisha kaa mezani. Pande zote mbili, hata hivyo, ziliamini kuwa historia ina njia na kwamba wenye kuijua wana wajibu wa kuwaongoza wengine.

Ilani ya 1983

Uasi wa wanajeshi wa Bor wa Mei 1983 ulizaa chama cha SPLM na jeshi lake, SPLA. Ilani ya Julai mwaka huo ilikataa neno la mazoea, tatizo la kusini. Kwa mujibu wake tatizo lilikuwa la Sudan nzima: maendeleo yasiyo sawa yaliyoachwa na ukoloni na kuendelezwa na vikundi vidogo vya watawala wa Khartoum, yakaziumiza kusini, Darfur, milima ya Nuba na nchi ya Wabeja kwa pamoja. Ilani iliwashambulia vilevile wakubwa wa kusini waliopata vyeo baada ya mkataba wa amani wa Addis Ababa wa 1972, ikiwaita tabaka la warasimu wanaotafuta maslahi yao. Lengo lililotajwa lilikuwa mageuzi ya kijamaa katika Sudan moja. Huo ndio msingi wa dira iliyokuja kuitwa Sudan Mpya.

Nguvu ya simulizi hiyo haikuwa ndogo. Iliwavuta wapiganaji kutoka Nuba na Blue Nile, nje kabisa ya kusini, na ilieleza jambo la kweli kuhusu ramani ya utajiri wa Sudan. Hata hivyo ilikuwa na mhisani. Mengistu Haile Mariam wa Ethiopia, aliyejiita Mmaksi na aliyekuwa akipigana na Waeritrea wanaotaka kujitenga, alitoa silaha na kambi, na kwake umoja wa Sudan ulikuwa sharti lenye faida. Wapiganaji wengi wa kawaida walitaka kujitenga tu. Kundi la Anya-Nya II lililotetea msimamo huo lilipigana na SPLA kwa miaka kadhaa. Peter Adwok Nyaba, msomi wa mrengo wa kushoto aliyekuwa ndani ya harakati hizo, alikosoa katika kitabu chake cha miaka ya 1990 kwamba bunduki iliachwa itawale siasa na elimu ya kisiasa ikapuuzwa.

Simulizi ya mapinduzi iligongana pia na maarifa ya wenyeji. Mwanaanthropolojia Sharon Hutchinson, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanuer, alieleza jinsi makamanda walivyowashawishi watu kwamba kifo katika vita vya serikali hakimtii muuaji najisi wala hakidai fidia ya ng'ombe kama mauaji ya majirani. Lugha ya vita vya kisasa ilizifuta kanuni zilizokuwa zikizuia damu isimwagike ovyo. Lyotard angeuona hapo mchezo mmoja wa lugha ukiumeza mwingine.

Mpasuko wa 1991

Mengistu alikimbia Addis Ababa tarehe 21 Mei 1991. SPLA ilipoteza kambi na redio yake, na wakimbizi kwa mamia ya maelfu wakarudi Sudan. Agosti mwaka huo makamanda Riek Machar, Lam Akol na Gordon Kong walitangaza huko Nasir kumng'oa kiongozi wa SPLM, John Garang, wakimshutumu kwa udikteta na kudai kusini ijitenge. Miezi michache baadaye vikosi vya upande wa Machar viliua raia wengi wa Kidinka katika eneo la Bor. Mwaka 2011 Machar aliomba radhi kwa mauaji hayo.

Mkutano mkuu wa SPLM uliofanyika Chukudum mwaka 1994 ulithibitisha mabadiliko. Ujamaa ukatoweka katika msamiati. Zikaingia haki ya kujiamulia, utawala wa kiraia na haki za binadamu. Hapa panaonekana kasoro moja ya maelezo ya Lyotard. Simulizi ya Kimaksi haikuachwa kwa sababu watu walichoka kuiamini. Iliachwa kwa sababu mgavi wa silaha alianguka na wahisani wapya walizungumza lugha nyingine. Chanzo hicho cha mambo ya mali na nguvu ni maelezo ambayo Mmaksi angeyatoa bila shida.

Taifa na dola

Mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005 ulifungua simulizi ya pili, ya taifa lililopigana tangu uasi wa Torit wa Agosti 1955. Garang alikufa katika ajali ya helikopta tarehe 30 Julai 2005 na kuzikwa Juba, na dira ya Sudan Mpya ikafifia. Katika kura ya maoni ya Januari 2011, asilimia 98.83 walichagua kujitenga, na uhuru ukatangazwa tarehe 9 Julai.

Juba yenyewe haikutoshea vizuri katika simulizi ya ukombozi. Mji huu ulibaki mikononi mwa jeshi la Khartoum vita vyote. SPLA iliushambulia mwaka 1992 bila kuuteka, na serikali ikawaua wakazi wengi waliodhaniwa kuwasaidia waasi. Chuo Kikuu cha Juba kilihamishiwa Khartoum mwaka 1989. Baada ya 2005 walikutana mjini waliovumilia kuzingirwa, waliokulia Khartoum wakisoma kwa Kiarabu, na waliorudi kutoka Kenya na Uganda wakizungumza Kiingereza na Kiswahili. Waliotoka msituni walijihesabu wakombozi na kudai viwanja na vyeo. Wabari, wenyeji wa eneo hilo, waliona ardhi yao ikichukuliwa ingawa Sheria ya Ardhi ya 2009 inatambua ardhi ya jamii. Kila kundi lilikuwa na historia yake ya vita, na historia hizo zilikuwa na matokeo katika hati za viwanja.

Simulizi ya tatu, ya ujenzi wa dola, ililetwa na Umoja wa Mataifa na nchi wafadhili. Iliahidi kwamba wizara, mafunzo na chaguzi vingezaa nchi ya kisasa. Ujumbe wa UNMISS, ulioanzishwa Julai 2011 kwa kazi hiyo, ulibadilishiwa jukumu Mei 2014 uwe wa kulinda raia. Umaksi ulikuwa umeondoka Juba zamani, lakini imani kwamba historia ina njia moja na kwamba wataalamu wanaijua ilikuwa bado ipo, safari hii kwa msamiati wa maendeleo na utawala bora. Shaka ya Lyotard inauhusu uliberali kama inavyouhusu Umaksi, jambo ambalo wasomaji wake wengi hulisahau.

Simulizi ndogo na mipaka yake

Lyotard alitumaini kwamba simulizi kuu zikianguka, simulizi ndogo zingepata pumzi. Kwa sehemu ilitokea hivyo: mabaraza ya jadi, makanisa na mikutano ya amani ya vijijini ilifanya kazi ambazo dola haikuziweza. Lakini Desemba 2013, vita vilipozuka Juba, simulizi ndogo zilishika silaha. Serikali ilisema kumetokea jaribio la mapinduzi. Upinzani ulioongozwa na Machar ulisema Wanuer wanaangamizwa. Raia wa Kinuer waliuawa mjini kwa sababu ya kabila lao, na kisasi kikaenea Bor, Bentiu na Malakal. Simulizi iliyo ndogo mbele ya ulimwengu inaweza kuwa kuu, tena isiyopingika, kwa aliye ndani yake.

Mahmood Mamdani, aliyekuwa mjumbe wa tume ya uchunguzi ya Umoja wa Afrika iliyoongozwa na Olusegun Obasanjo, alitoa maoni yake tofauti na ya wenzake. Aliyaona mauaji hayo kuwa ya kisiasa na yanayohitaji suluhisho la kisiasa. Katika kitabu cha 2020 aliihusisha hali hiyo na utawala wa Waingereza uliowapanga watu kwa makabila na maeneo. Kwa mtazamo huu simulizi ya kabila haikuwapo imekaa chini ikingoja kuachiwa huru. Kwa kiasi kikubwa ilitengenezwa na dola. Mgawanyo wa majimbo kutoka 10 hadi 28 kwa amri ya Oktoba 2015, kisha 32 mwaka 2017, na kurejea 10 mwaka 2020, unaonyesha kwamba utengenezaji huo haukukoma na ukoloni.

Hapa pia panahitajika tofauti ambayo mjadala huichanganya mara kwa mara. Kutilia shaka simulizi kuu si sawa na kutilia shaka matukio. Nani aliuawa, wapi na kwa amri ya nani ni maswali yenye majibu, hata kama kila upande una hadithi yake. Fikra ya Lyotard kuhusu dhuluma isiyosemeka inafaa zaidi katika hatua ya hukumu. Mkataba wa amani wa 2015 na ule wa 2018 uliahidi mahakama mseto chini ya Umoja wa Afrika, lakini miaka ilipita bila kuundwa. Desturi hutoa fidia ya ng'ombe kwa ukoo, na hivyo kilio cha mwanamke aliyebakwa huweza kugeuka deni baina ya wanaume. Sheria ya jinai nayo humtafuta mkosaji mmoja mmoja, na hivyo jamii iliyopoteza ardhi yake hukosa mlango wa kupeleka lalamiko.

Sauti za fasihi

Waandishi wa eneo hili walifikia mashaka kuhusu simulizi kuu mapema. Euphrase Kezilahabi aliandika kuhusu ujamaa na kuhamishiwa kwa watu vijijini katika Gamba la Nyoka (1979), riwaya yenye mpangilio wa kawaida. Alipofika Nagona (1990) na Mzingile (1991) alivunja mtiririko wa wakati, wahusika na maana, na riwaya hizo zimekuwa mfano mkuu wa usasabaadaye katika Kiswahili. Taban lo Liyong, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Juba, aliungana na Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba mwaka 1968 kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ivunjwe. Baadaye Ngũgĩ alishika Umaksi kwa uthabiti. Taban alibaki na maandishi ya vipande vipande, dhihaka na ubishi usiokubali itikadi yoyote.

Kilichosimama na kilichoanguka

Mfano wa Sudan Kusini unaugawa Umaksi katika sehemu mbili. Ya kwanza ni ahadi: kwamba historia inaelekea mahali fulani, na kwamba chama kinachojua njia kina haki ya kuamuru. Katika sehemu hii hoja ya Lyotard imeshinda. Onyo lake kuhusu Algeria linaieleza Juba kwa usahihi unaoshangaza, kwa kuwa chama kilichowalaumu warasimu wa kusini mwaka 1983 kilizaa mabwana wa aina ile ile.

Sehemu ya pili ni swali: nani anamiliki, nani anafanya kazi, na ziada inakwenda wapi. Wakati wa uhuru mafuta yalitoa takriban asilimia 98 ya mapato ya serikali. Mwaka 2012 Rais Salva Kiir aliwaandikia zaidi ya maofisa 70, wa sasa na wa zamani, akiwataka warudishe fedha za umma. Kiasi kilichopotea kilikadiriwa kuwa dola bilioni 4. Mtafiti Alex de Waal amechambua namna siasa za nchi hiyo zilivyokuwa biashara ya kununua utii, na Clémence Pinaud, naye mtafiti, ameeleza kuundwa kwa tabaka la watawala wa kijeshi kupitia uporaji, ndoa na ugawaji wa mali. Uchambuzi wa aina hii hautegemei jamii isiyo na matabaka iliyoahidiwa mwishoni mwa historia. Unategemea vitabu vya hesabu, mikataba ya mafuta na hati za ardhi, na kwa swali hilo wingi wa simulizi peke yake hauna jibu.

Kwa hiyo usasabaadaye na Umaksi, katika uwanja huu, vinakosoana na kukamilishana. Wa kwanza unawauliza wakombozi kwa haki gani wanasema kwa niaba ya wote, na ni historia za nani zimefutwa ili yao isikike. Wa pili unaziuliza simulizi ndogo, zikiwemo za kabila, nani anazigharamia na nani anafaidika zinapopigana. Kuacha swali la kwanza kulizaa ilani iliyogeuka amri ya kijeshi. Kuacha la pili kunafanya vita vya kugombea hazina vionekane kuwa chuki ya asili baina ya watu.